Giza la Jiwe au Giza la Ubao: Umfuate Redon, Munch au Klinger?

Vijana wanaoanza kujifunza sanaa ya chapa, yaani picha inayotayarishwa kwenye jiwe, ubao au bamba kisha ikapigwa kwa wino kwenye karatasi, huniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: nikitaka kuchora usiku, nijifunze kwa nani? Hawaulizii usiku wa mbalamwezi na minazi unaouzwa kwa watalii. Wanataka usiku wenye kitu ndani yake, na mtazamaji hajui ni kitu gani. Ule unaokufanya uigeukie picha mara ya pili kabla ya kuzima taa.

Huwa nawatajia watu watatu wa Ulaya: Odilon Redon, Mfaransa, Edvard Munch, Mnorwe, na Max Klinger, Mjerumani. Chapa zao nzito zilitoka kati ya miaka ya mwisho ya 1870 na mwanzo wa karne ya 20, na wote huhesabiwa miongoni mwa Wasimboli au majirani zao wa karibu. Nikishawataja naongeza neno moja: chagua mmoja kwanza. Giza lao halifanani, kwa sababu halitengenezwi kwa njia moja. Mmoja analipanda chembe kwa chembe, mwingine analikuta tayari limejaa, wa tatu analipima kwa saa. Anayewaiga wote kwa mpigo huishia na picha ya kijivu, isiyo usiku wala mchana.

Jina la Wasimboli lilitangazwa tarehe 18 Septemba 1886, mshairi Jean Moréas alipochapisha tamko lake katika gazeti la Le Figaro la Paris. Walikuwa wamechoka na sanaa inayoeleza kila kitu hadi kifungo cha koti. Kwa msomaji wa Kiswahili, njia fupi ya kuwaelewa ni kuanzia kwenye methali yetu: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo letu lina jibu lililofichwa, na raha yake ni kulifungua. Fumbo la Wasimboli halifunguki, ukiligangua, limekufa. Mwaka 1882 Redon alichapa jicho kubwa linalopaa juu ya maji kama puto, limebeba kichwa cha mtu juu ya kitu kama sahani. Chini yake aliandika kwamba jicho, mithili ya puto la ajabu, linaelekea kusiko na mwisho. Mtu anasoma maneno hayo akitarajia msaada, na yanamzidishia kiza.

Lakini kwa nini chapa, na rangi za mafuta zilikuwapo? Klinger ndiye aliyelijibu hili kwa maandishi. Katika kijitabu chake cha 1891, Malerei und Zeichnung, alidai kwamba rangi hufaa kuusifu ulimwengu unaoonekana, na kwamba upande wa giza wa maisha, hofu na ndoto zake, unakaa vizuri zaidi kwenye kazi ya mistari na weusi. Redon baadaye alionyesha kwamba hata rangi inaweza kuota ndoto. Hata hivyo hoja ya Klinger inatusaidia kuchagua: katika chapa ya wino mweusi huna buluu ya kukusaidia kusema usiku. Una wino na una karatasi. Swali lote ni jinsi wino unavyofika pale ulipo, na jinsi karatasi inavyookolewa pale isipofikiwa.

Redon na giza linalopandwa

Alizaliwa Bordeaux mwaka 1840, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Peyrelebade, shamba la familia katika eneo la Médoc. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa makaa. Alichora kwa makaa meusi kwenye karatasi, na michoro hiyo yeye na wenzake waliiita kwa jina moja tu, noirs, yaani nyeusi. Misingi ya chapa alionyeshwa mjini hapohapo Bordeaux na Rodolphe Bresdin, fundi wa michoro midogo iliyosongamana mistari. Miaka ya 1870 mchoraji Henri Fantin-Latour akamwonyesha karatasi ya kuhamishia: unachora juu yake kwa chaki ya mafuta, kisha mchoro unahamishwa kwenda kwenye jiwe. Mwaka 1879 ikatoka albamu yake ya kwanza, Dans le Rêve, nakala 25 tu.

Chapa ya jiwe, litografia, inasimama juu ya jambo ambalo kila aliyeosha sufuria analijua: mafuta na maji havikubaliani. Jiwe ni la chokaa, laini, limesuguliwa sawasawa. Unachora kwa chaki yenye mafuta, jiwe linalowanishwa, kisha rola ya wino inapita. Wino unashika palipo na mafuta na kukimbia palipo na maji. Uso wa jiwe una vinyweleo, kwa hiyo chaki haiachi mstari mtupu, inaacha chembe. Chembe chache ni kivuli. Chembe nyingi ni usiku. Na fundi akitaka kurudisha nuru, anakwangua jiwe kwa ncha ya chuma, weusi unaondoka kidogokidogo.

Chukua chapa yake iitwayo Le Jour, yaani Siku, au Mchana. Ni ya sita na ya mwisho katika albamu ya Songes ya mwaka 1891, aliyoitoa kwa kumbukumbu ya rafiki yake Armand Clavaud, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux aliyefariki mwaka uliotangulia. Tupo ndani ya chumba. Ukuta mzima ni giza totoro, na katikati ya giza hilo kuna dirisha lenye nondo. Nje, mti mwembamba umesimama kwenye mwanga mweupe. Ndivyo unavyoona kwa mtazamo wa kwanza, na unadhani umemaliza. Kaa nayo dakika moja. Kwenye weusi wa chumba, upande huu wa dirisha, utaanza kuona vitu vidogo vya mviringo vinaelea, kama vijidudu chini ya hadubini. Clavaud ndiye aliyemfungulia Redon ulimwengu wa vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Sasa amekufa, na vile vitu vimebaki chumbani, pamoja nasi.

Angalia lilivyofanyika. Mwanga wa nje si wino mweupe. Ni karatasi yenyewe, haikuguswa. Redon alipenda chapa zake zipigwe kwenye karatasi nyembamba ya rangi ya joto iliyobandikwa juu ya karatasi nene, kwa hiyo hata weupe wake si wa chokaa, una uvuguvugu. Giza nalo si bapa. Lina vumbi, lina kina, unaweza kulipapasa kwa macho na ukakuta kitu. Uchawi wa dirisha lile uko upande wetu, penye kiza.

Mfuate Redon kama unachotafuta ni hewa: ukungu, moshi wa koroboi, uso unaotoka gizani bila mpaka unaoonekana. Lakini uwe mkweli kuhusu vifaa. Jiwe la litografia ni zito na si la kuokota, na mashine yake inataka fundi. Redon mwenyewe aliwategemea wapiga chapa wa Paris maisha yake yote. Mwanafunzi asiye na jiwe namshauri afanye alichofanya Redon kabla ya jiwe: paka karatasi nzima makaa hadi iwe nyeusi, kisha toa mwanga kwa raba au kwa bonge la mkate. Wiki mbili za zoezi hilo zinafundisha kuliko maelezo yangu. Hatari ya njia hii ni moja, nayo inawapata karibu wote: mkono unapenda kulainisha, na ukilainisha kila mahali unabaki na utusitusi usio na siri yoyote. Redon ana ukungu, lakini daima ana pia mahali pamoja palipokwanguliwa kwa ukali, kama ukingo wa jani au kope la jicho.

Munch na giza linalokutwa

Munch alizaliwa mwaka 1863. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868, na dada yake Sophie mwaka 1877 kwa ugonjwa huohuo. Nayataja haya kwa sababu picha zake nyingi ni za vyumba ambamo mtu amekufa au yuko njiani kufa. Chapa aliianza Berlin mwaka 1894, kwanza kwenye shaba, kisha kwenye jiwe. Mwaka 1896 akiwa Paris akaanza kuchonga ubao, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoipata sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Ubao ni kinyume cha karatasi. Karatasi huanza nyeupe nawe unaitia giza. Ubao ambao haujakatwa, ukiupaka wino na kuuchapa, unatoa mstatili mweusi mtupu. Usiku upo tayari. Kila mkato wa patasi ni mwanga, na mwanga uliokwisha kuukata haurudi gizani. Ndiyo maana nasema Munch analikuta giza. Kazi yake ni kuamua aguse wapi.

Katika Måneskinn, Mbalamwezi, ya 1896, mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya mbao, uso wake umemulikwa, kivuli chake kimeangukia ukutani. Mbao za ukuta hakuzichora zote kwa mkono: nyuzi za ubao wenyewe wa kuchapia, zilizotokea kwenye wino, ndizo zimekuwa ukuta. Katika Busu, toleo la ubao la mwaka 1902, alikwenda mbali zaidi. Miili ya mwanamume na mwanamke imekuwa donge moja jeusi, nyuso zimeungana bila mstari wa kusema huyu anaishia hapa na yule anaanzia hapa, na juu ya yote zinapita nyuzi za ubao wa pili kama mvua. Watu wawili wanapotea ndani ya kila mmoja, na mti unaendelea kuonekana kuwa mti.

Alikuwa pia na mbinu ya msumeno. Badala ya kuchonga ubao mmoja kwa kila rangi, alikata ubao uleule vipande kwa msumeno mwembamba, akapaka kila kipande rangi yake, akavipanga tena mahali pake na kuchapa mara moja. Penye maungio hubaki ufa mwembamba mweupe. Katika chapa yake ya mwaka 1899, watu wawili wamesimama ufuoni wametupa mgongo, wanatazama bahari. Mwanamke amekatwa kipande chake peke yake. Mwanamume ameachwa ameungana na ufuo. Ule ufa unaomzunguka mwanamke ni upana wa uzi tu. Ni nani wanaoachana hapo, na kwa nini, hatuambiwi. Lakini msumeno ulishapita.

Nilipochonga ubao wangu wa kwanza wa paini, nilitaka kumwonyesha bibi akiwa kando ya kibatari. Nikamkata uso wote, nikakata ukuta, nikakata meza na kikombe, kila nilichokijua nikakikata. Nilipoinua karatasi ilikuwa saa sita mchana. Ubao wa pili niliugusa sehemu tatu: paji la uso, ukingo wa kikombe, na mwanya wa mlango nyuma yake. Mwanya ule sikuwa nimeupanga. Waliokuja kuitazama picha waliniuliza kuhusu mlango, hakuna aliyeniuliza kuhusu kibatari.

Mfuate Munch kama huna karakana. Kipande cha ubao wa paini au saiprasi, patasi mbili, rola, kopo la wino, na mgongo wa kijiko wa kusugulia karatasi, vinatosha. Usiupige msasa ubao hadi nyuzi zipotee. Zikwaruze kwa brashi ya waya ili zijitokeze. Mfuate pia kama unachotaka kusema kiko baina ya watu: wivu, ukimya mezani, mtu aliyekaa karibu akiwa mbali. Lakini usimwombe ukungu. Giza la ubao ni bapa, linasimama mbele yako kama mlango uliofungwa. Félix Vallotton, Mswisi aliyefanya kazi Paris, alilifikisha kikomo chake mwaka 1898 katika chapa ya L'Argent, ambamo zaidi ya nusu ya karatasi ni weusi mtupu uliokwisha kummeza nusu ya mwanamume. Inatisha, lakini hakuna kitu cha kupapasa humo ndani.

Klinger, na saa yake ya asidi

Huyu nitampitia upesi, kwa kuwa ni wachache kati ya wanaonisoma watakaoweza kumfuata kwa vitendo. Klinger, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1857, alichapa kwa bamba la shaba. Ili kupata vivuli alitumia akwatinta: bamba linanyunyiziwa unga wa utomvu mkavu, linapashwa moto ili unga ushike, kisha linatiwa asidi. Asidi inakula shaba katikati ya chembe za unga. Dakika chache ni kivuli chepesi; muda mrefu ni weusi mzito. Pale unapotaka mwanga ubaki, unapaka vanishi kuzuia asidi isile. Giza hapa lina vipimo, unaweza kuliandika kwenye daftari.

Matokeo yake ni usiku wa mtu anayesimulia. Mfululizo wake wa chapa 10, Ein Handschuh, uliotoka mwaka 1881, unaanza mahali pa kawaida kabisa, uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mwanamke anaangusha glavu, mwanamume anaiokota, na kuanzia hapo glavu inaingia katika ndoto zake. Katika chapa ya tisa, mnyama mwenye mabawa anaruka usiku na glavu mdomoni, na mikono miwili inamfuata ikitokeza kupitia vioo vya dirisha vilivyovunjika. Haimfikii. Kila jani la mche ulio chini ya dirisha limechorwa kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaotia hofu: ndoto imeandikwa kama ripoti.

Anayechora katuni au hadithi za picha atapata mengi kwa Klinger hata kama hatagusa shaba. Lakini asidi si ya kuchezea chumbani. Bila mahali penye hewa, glavu za mpira na mtu anayeijua kazi, acha.

Mkono unaopaka wino

Hata ukishamchagua mwalimu hujamaliza, na ushahidi wangu ni Paul Gauguin. Aliporudi kutoka Tahiti, majira ya baridi ya 1893 hadi 1894, alichonga mbao 10 za mfululizo wa Noa Noa. Mbao hizohizo zilichapwa na watu watatu. Gauguin mwenyewe alizichapa kwa mkono, wino haulingani, rangi zinavuka mpaka, sura zinaibuka na kuzama. Mwaka 1894 rafiki yake Louis Roy alizichapa kwa weusi mzito na rangi kali ya machungwa, na michongo mingi midogo ikafunikwa. Mwaka 1921 mwanawe, Pola Gauguin, alizichapa tena kwa wino mweusi na kwa uangalifu mkubwa; kila mkwaruzo wa baba yake ukaonekana.

Nimezilinganisha mara nyingi kwenye skrini, kwa kuwa makumbusho makubwa kama Art Institute of Chicago na Metropolitan ya New York yameweka picha za chapa nyingi za aina hii wazi kwa yeyote. Fungua nakala mbili za ubao mmoja, uzikuze. Nakala za Pola zitakufundisha Gauguin alikata wapi. Ukitaka kuelewa kwa nini Te Po, Usiku, inaitwa usiku, rudi kwenye zile alizozichapa mwenyewe, zenye makosa. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu ubao wako kwamba hauna siri, uchape mara tano kwa wino wa viwango vitano.

Mtu akinibana nimpe jina moja tu, nampa Munch. Sababu si bei ya ubao pekee. Ubao unamzuia anayeanza kufanya kosa la kupendeza, la kulainisha kila kitu, na unamlazimisha kuamua. Akishachonga mbao kumi hivi arudi kwa Redon na makaa yake, atamwona kwa macho mengine. Lakini kama tayari una mkono mwepesi wa makaa na vivuli vyako vinapumua, usijilazimishe patasi. Anza na Redon, umtafute mwenye jiwe baadaye.

Na usidhani wawili hao waliishi dunia mbili. Auguste Clot, mpiga chapa wa Paris, ndiye aliyemchapia Munch litografia ya rangi ya Mtoto Mgonjwa mwaka 1896, na mwaka uliofuata akamchapia Redon litografia ya rangi ya Béatrice. Hiyo ya Redon ndiyo ningependa uifungue baada ya kukesha na picha nyeusi. Miaka michache baadaye aliachana na weusi karibu kabisa, na hapa tayari anauaga: uso wa mwanamke kwa upande, rangi hafifu mno, njano iliyokaribia kuwa karatasi tupu. Sogea karibu na skrini utafute mstari wa pua unapoishia. Haupatikani, na safari hii kilichouficha ni mwanga.